Breki Zinazolia: Kelele Si Ugonjwa, ni Dalili

Wakati wa kiangazi, magari yanayoingia Dodoma kutoka Kondoa, Manyoni au Kongwa huja yametapakaa vumbi. Aghalabu, kabla dereva hajasimama katika makutano ya kwanza, husikika mlio mwembamba na mkali unaotoboa masikio. Wapita njia hugeuka. Dereva huona haya. Afikapo gereji, neno lake la kwanza huwa ni ombi la kunyamazishiwa breki. Ombi hilo laeleweka, lakini si ombi lenye hekima. Mlio wa breki ni taarifa, na taarifa haitibiwi kwa kuzimwa. Yapasa kwanza isomwe. Na kuisoma ni kazi ya elimu ileile ya msuguano na mitetemo ambayo kila mwanafunzi wa sekondari hufundishwa darasani, kisha akaiacha humo humo darasani.

Kazi ya breki ni kuugeuza mwendo kuwa joto. Gari dogo la kilo 1,500 linalokwenda kilomita 80 kwa saa lina nishati ya mwendo ipatayo kilojuli 370. Nishati hiyo yatosha kuchemsha lita moja ya maji yaliyokuwa na joto la nyuzi 20, na dereva akikanyaga breki kwa ghafla, karibu yote hupita katika magurudumu manne kwa sekunde chache. Katika breki za diski, pedi mbili huibana sahani ya chuma inayozunguka pamoja na gurudumu. Katika breki za dramu, vipande vyenye umbo la mwezi mchanga, ambavyo mafundi huviita brekishuu, husukumwa nje hadi vikasugua ukuta wa ndani wa dramu. Sehemu ndogo sana ya nishati, badala ya kuwa joto, hutoroka kwa njia ya mtetemo. Mtetemo huo ndio mlio.

Mkazi wa Dodoma hana haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Zeze la Wagogo, ambalo marehemu Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, alilifikisha katika majukwaa ya ng'ambo, hulia kwa kanuni hiyo hiyo. Upinde unaposuguliwa juu ya uzi, huunasa na kuuvuta. Uzi ukishavutika vya kutosha huponyoka, ukarudi, ukanaswa tena. Sababu ni kwamba msuguano kati ya vitu vilivyotulia pamoja kwa kawaida huwa mkubwa kuliko msuguano kati ya vitu vinavyoteleza. Chaki ya mwalimu nayo hutenda vivyo hivyo: ikisukumwa kwa pembe fulani ubaoni hulia, na badala ya mstari huacha nukta nukta, kila nukta ikiwa ni mahali iliponasa kabla ya kuruka. Kipande kikivunjwa kuwa kifupi, sauti hubadilika.

Katika breki, mitetemo hiyo hufikia maelfu kwa sekunde, na diski hulia mithili ya kengele. Tena wataalamu wamegundua kwamba kunasa na kuponyoka si sababu pekee. Hata pale msuguano usipobadilika, mtetemo wa pedi na mtetemo wa diski vyaweza kuchocheana, kimoja kikikilisha kingine, hadi mlio ukajiendesha wenyewe. Ndiyo maana jambo dogo, kama vile bati jembamba lililolegea nyuma ya pedi, laweza kuzusha kelele inayosikika mtaa mzima.

Basi swali la kwanza la fundi mwelevu lisiwe namna ya kuuondoa mlio, bali ni wakati gani mlio husikika. Breki ikilia asubuhi tu baada ya usiku wa mvua, kisha ikanyamaza baada ya kukanyagwa mara chache, hiyo ni kutu nyembamba juu ya diski, nayo husuguliwa ikaisha. Ikianza kulia baada ya safari ya barabara ya vumbi, yafaa kuchunguza changarawe na mchanga ulionasa, na hasa vumbi lililojikusanya ndani ya dramu. Ikilia kila inapokanyagwa polepole ilhali pedi bado ni nene, huenda uso wa pedi umekuwa laini na kung'aa kama kioo kwa sababu ya joto kupita kiasi, au grisi inayostahimili joto, ipakwayo nyuma ya pedi, imekwisha, au pini ambazo kalipa huteleza juu yake zimekwama.

Lakini upo mlio ambao ni mjumbe aliyetumwa makusudi. Pedi nyingi zimewekewa ulimi mdogo wa chuma. Pedi inapobaki na unene wa milimita mbili au tatu, ulimi huo huanza kuigusa diski, ukapiga yowe kumwonya dereva kwamba wakati wa kubadilisha umewadia. Asiposikia, yowe hugeuka kuwa mkwaruzo mzito: pedi imekwisha, na chuma kinasaga chuma. Gari la namna hiyo halifai kuendelea na safari. Pedi hubadilishwa kwa jozi, kushoto na kulia kwa pamoja, ili gari lisivutwe upande mmoja linaposimamishwa.

Ni dhahiri, basi, kwamba dawa za kunyamazisha zaweza kuwa mbaya kuliko ugonjwa. Mafuta yakipakwa kwenye uso wa pedi hunyamazisha breki kwa kuiondolea ule msuguano ambao ndio uhai wake. Maji baridi yakimwagwa juu ya diski yenye moto yaweza kuipinda au kuipasua. Ulimi wa chuma ukikatwa, kimya hupatikana, lakini mjumbe ameuawa na habari aliyoileta ingali ya kweli.

Historia ya breki yenyewe yatoa funzo hilo. Mwingereza Frederick Lanchester alipata hataza ya breki ya diski mwaka 1902. Pedi zake za shaba zilipiga kelele isiyovumilika. Baadaye asbesto ilipoingia katika breki, ilisifiwa kwa kustahimili joto na kwa utulivu wake, nayo ikaenea duniani kote kwa miongo mingi. Kumbe vumbi lake huleta saratani ya mapafu na maradhi mengine ya kifua. Shirika la Afya Duniani limekwisha tamka kwamba aina zote za asbesto husababisha saratani. Kwa kuwa fundi hawezi kujua kwa macho pedi kuukuu ilitengenezwa kwa nini, vumbi la breki lisipulizwe kwa mdomo wala kwa pampu ya upepo. Lilowanishwe, kisha lifutwe kwa kitambaa chenye unyevu.

Yawezekana kusemwa kwamba breki nyingi zinazolia hazina hatari yoyote, na kwamba kumtia dereva hofu ni kumpotezea fedha. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake. Milio mingi kweli ni usumbufu tu. Na kwa upande wa pili, breki inayovuja mafuta yake yaweza kuwa kimya kabisa hadi dakika inaposhindwa. Lakini hoja hiyo haitetei kupuuza mlio, yatetea elimu. Asiyejua hutaharuki kwa kutu ya asubuhi, kisha akapuuza ulimi wa chuma. Ajuaye hutofautisha.

Tofauti hiyo hupimwa katika miteremko. Barabara iendayo Nzega kutoka Singida hushuka mlima Sekenke, mteremko unaojulikana na kila dereva wa malori ya nyanda hizo. Lori la tani 10 linapoteremka mita 100 za kimo kwa mwendo usiobadilika, nishati ipatayo megajuli 9.8 haina budi kwenda mahali. Ni joto la kutosha kuchemsha zaidi ya lita 29 za maji ya nyuzi 20. Dereva mwenye busara huweka gia ndogo ili injini ibebe sehemu ya mzigo huo. Kinachobaki hubebwa na breki. Hapo haitasaidia kitu kwamba zilinyamazishwa wiki iliyopita. Kitakachofaa ni unene wa kile kilichomo ndani ya gurudumu. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Kwa hiyo yafaa somo la msuguano litolewe nje ya kipande cha mbao kinachovutwa juu ya meza. Mwalimu asiye na maabara anayo chaki. Shule isiyo na gari haikosi baiskeli, ambayo mipira ya breki zake hulia na kunyamaza kadiri inavyopindwa kuielekea rimu. Wanafunzi waandike wakati breki ilipolia, hali ya hewa, mwendo na jinsi ilivyokanyagwa, kisha wabuni sababu na kuijaribu. Fundi wa gereji ya jirani aalikwe aje na pedi mpya na pedi iliyokwisha, nao wapime unene wa zote mbili kwa rula. Wote watafaidika, kwa maana fundi ana masikio yaliyozoea, na mwalimu ana kanuni inayoeleza kile masikio yanachosikia.

Mwanafunzi aliyejifunza hivyo, siku atakapopanda basi la kwenda Singida na kusikia breki zikilia stendi, hataziba masikio. Atauliza zimeanza kulia lini. Na dereva aliyekwisha kujiuliza swali hilo kabla yake atakuwa na jibu.