ELIMU YA SHERIA ISHUKE MLIMANI

Wako watu wasemao kwamba kusoma sheria mpaka shahada za juu kabisa ni anasa ya wachache, ati nchi yataka mabwana shamba na waganga, si watu wa kuandika vitabu vinene juu ya sheria na maisha ya watu. Sisi twasema wanakosea. Lakini twakiri kwamba wasomi wenyewe ndio waliowapa sababu ya kukosea hivyo.

Ndugu wa siku nyingi wanaikumbuka habari hii. Tarehe 25 Oktoba 1961, wiki sita tu kabla ya Uhuru, Chuo Kikuu kilifunguliwa Dar es Salaam ndani ya jengo la TANU, kabla ya kuhamia Mlimani mwaka 1964. Kitivo cha kwanza hakikuwa cha uganga wala cha kilimo, kilikuwa cha sheria, na wanafunzi wake hawakutimia 20. Mawakili Waafrika walikuwa wakihesabika kwa vidole, na serikali isiyo na wanasheria wake huongozwa na kalamu za wageni.

Basi elimu hiyo yamfaa nini mkulima? Tutazame shauri moja la Buhaya. Mwaka 1963 Serikali ilitangaza mila za makabila kuwa sheria ya kuandikwa. Kazi kubwa ya kuzikusanya ilikuwa imefanywa na Hans Cory, Mzungu mwenye asili ya Austria aliyekuwa mtaalamu wa mila wa serikali ya kikoloni, kwa kuwauliza wazee na machifu. Humo iliandikwa kwamba mwanamke aweza kulitumia shamba la ukoo alilorithi, lakini asiliuze.

Mwaka 1988 bibi mmoja wa Muleba, aliyerithi shamba kwa wasia wa baba yake, aliliuza kwa shilingi 300,000 kwa mtu asiye wa ukoo. Siku chache baadaye jamaa wa ukoo akamshtaki. Mahakama ya Mwanzo ikambatilishia mauzo. Mahakama ya Wilaya ikampa haki. Jamaa akakata rufani. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, akashika haki za raia zilizoingia katika Katiba mwaka 1984, akaamua kwamba mwanamke aweza kuuza kama awezavyo mwanamume, na watu wa ukoo wakilitaka shamba, na walikomboe kwa kurudisha fedha za mnunuzi.

Hukumu ile ilikuwa njema, twaisifu. Lakini haikulifuta tangazo la 1963. Na hapa ndipo kazi ya msomi inapoanza. Je, wazee walioulizwa walisema mila, au walisema maslahi yao? Wajane wangapi waliulizwa? Baada ya 1990, ni mabibi wangapi wa Muleba waliopata kuisikia hukumu hiyo? Maswali haya hayajibiwi na mtu akaaye maktabani akipekua mashauri ya Uingereza. Yataka mtu akae barazani, asikilize, aende na shambani akaone mpaka ulipo.

Hatusemi kwamba hakuna waliojaribu. Miaka ya 1960 ilipokuwa ikimalizika, Kitivo kilianzisha kamati ya kuwasaidia maskini katika mashauri yao, na walimu kadhaa walifundisha kwamba sheria haisomwi mbali na historia ya nchi na umaskini wa watu wake. Hao twawapa mkono.

Lakini kuna fedheha moja. Mahakama za Mwanzo zimesikiliza watu kwa Kiswahili miaka yote, na mwaka 2021 Bunge lilipitisha sheria ya kukifanya Kiswahili kiwe lugha ya sheria na mahakama. Masomo ya juu nayo yamekwenda kwa Kiingereza tangu 1961. Msomi humfuata bibi kizee kijijini, huchukua maneno yake kwa Kiswahili au Kihaya, huyaandika kwa Kiingereza, hupata shahada na joho, na bibi yule hapati hata ukurasa mmoja.

Kwa hiyo twadai jambo moja. Kila atakayeandika kitabu cha shahada juu ya ardhi, ndoa au urithi wa watu wetu, alazimishwe kuandika muhtasari wa Kiswahili, aupeleke mwenyewe katika wilaya alikoyapata maneno yake, ausome mbele ya watu waliomwambia, na wao wapate kumwambia alipokosea kabla joho halijavaliwa.