Zile Saa Mbili za Kivuko Zipelekeni Bukumbi na Bujora

Kabla ya Juni 2025, msafiri wa Sengerema, Geita au Chato akifika Usagara alijua kwamba ratiba yake iko mikononi mwa kivuko cha Kigongo–Busisi. Ukikuta MV Misungwi imeshaondoka Kigongo, unakaa. Ukikuta foleni ya malori, unakaa zaidi, na saa mbili kupotelea hapo lilikuwa jambo la kawaida. Wagonjwa wa kwenda hospitali ya Bugando walikaa, wajawazito walikaa, na wafanyabiashara wa samaki walikaa huku barafu ikiyeyuka ndani ya matenga. Tarehe 19 Juni 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alipofungua Daraja la John Pombe Magufuli, kilomita 3 za zege na nyaya juu ya ghuba ya Mwanza, kazi iliyogharimu zaidi ya shilingi bilioni 700, nililia mbele za watu. Sasa gari linatoka Kigongo na kuibukia Busisi kwa dakika chache.

Nina mgahawa hapa njia panda ya Usagara. Mabasi yanayotoka Shinyanga yananipita yakielekea Mwanza mjini, na ya Geita yanakata kona karibu na jiko langu. Tangu daraja lifunguliwe wamekuja wateja wa aina nyingine: familia, maharusi, vikundi vya akina mama waliovaa sare, wote wamekuja kulitazama daraja. Wanapiga picha, wanarudi kula sato na ugali, kisha wananiuliza, "Mayu, huku kwenu kuna nini kingine cha kuona?" Wenyewe huwa wameshalitaja Jiwe la Bismarck la Mwanza mjini. Bukumbi hawaitaji. Naandika kuwajibu, kwa sababu daraja limewapa saa mbili ambazo hawakuwa nazo, na inaniuma kuona wanazirudisha barabarani bila kuzitumia.

Anzieni Bukumbi, ambayo ni mwendo mfupi tu kutoka hapa, upande wa barabara ya Kigongo. Wengi wanaijua kwa hospitali. Lakini misheni ya Bukumbi, mahali palipoitwa Kamoga, ni ya mwaka 1883. Mapadri Weupe, wamisionari Wakatoliki, walikuwa wameondoka Buganda mwishoni mwa 1882, walipoona Kabaka Mutesa hawaamini tena, wakavuka ziwa kwa mitumbwi na kuanza upya huku kusini. Mwaka 1886 Mwanga, mwana wa Mutesa aliyerithi kiti, akaamuru vijana Wakristo wa ikulu yake wauawe, wengi wao kwa kuchomwa moto Namugongo. Miaka miwili baadaye akapinduliwa. Akakimbia na mtumbwi, akafikia kwanza kwa wafanyabiashara Waarabu huko Magu, halafu akaja kuomba hifadhi Bukumbi, kwa mapadri wa kanisa lilelile ambalo waumini wake aliwachoma. Wakampokea. Alikaa hapa mpaka mwaka 1889, mfanyabiashara wa Kiayalandi, Charles Stokes, alipompakia kwenye jahazi lake ili akapiganie kiti chake.

Kila mwaka kuelekea Juni 3, sikukuu ya mashahidi hao, yanapita hapa mabasi ya mahujaji wanaokwenda Namugongo, yamefungwa vitambaa, yanaimba. Nafurahi nao. Ila kila mara natamani kuyasimamisha niwaambie kwamba nusu ya pili ya habari ile iko hapa, na kwamba nusu hii inahusu msamaha. Mahujaji hao wangesimama Bukumbi hata saa moja, wakaona maji ambayo Kabaka alitokea, wangefika Uganda wakiwa na mengi zaidi ya kuombea.

Kutoka Usagara kwenda Bujora huhitaji kuingia mjini kabisa. Ipo barabara ya lami ya Usagara–Kisesa, ile ya mchepuo iliyojengwa ili malori yasisonge jiji. Unaishika, unatokea Kisesa kwenye barabara ya Musoma, na Bujora ni pale juu kati ya mawe. Hapo, kwenye Makumbusho ya Wasukuma, ndipo ninapotaka mtumie muda mwingi kuliko mahali pengine popote, na sababu yangu inaanzia kwenye ngoma.

Baba yangu alikuwa mchezaji wa Bagalu. Kwa asiye Msukuma nieleze kwamba ngoma zetu zina pande mbili, Bagika na Bagalu, na wazee wanasema pande hizo zilitokana na mafundi wawili wa ngoma na dawa, Ngika na Gumha, walioshindana katika karne ya 19. Mashindano hayana jopo la majaji. Vikundi viwili vinaingia uwanjani kwa wakati mmoja, kila kimoja na ngoma zake, na watazamaji wanakwenda wanakovutwa. Aliyevuta watu wengi ndiye aliyeshinda, na aliyeachwa na uwanja mtupu amejionea mwenyewe. Ndiyo maana wapo Bayeye wanaocheza na chatu mabegani, na wapo wa bugobogobo wanaorusha majembe juu na kuyadaka bila kukosa pigo la ngoma. Jembe lile si pambo. Bugobogobo ilizaliwa shambani, vijana wakilima kwa zamu mashamba ya jirani huku ngoma ikiwapa mwendo. Baba alikuwa akimaliza kuvuna anaondoka, na mama alijua hatamwona mpaka msimu wa ngoma utulie.

Mambo haya yote yangeweza kupotea. Kanisa la miaka ile liliziona ngoma kuwa ushenzi, na Wasukuma wengi waliobatizwa walizificha. Padri David Clement, Mkanada wa Mapadri Weupe, aliyefika Bujora miaka ya 1950, aliona vingine. Alijifunza Kisukuma, akajenga kanisa la duara kwa mfano wa nyumba ya Kisukuma, akaingiza ngoma na alama za utemi ndani ya ibada, na akaanza kukusanya vyombo vya watemi kabla havijauzwa au kuoza. Ndicho chanzo cha Makumbusho ya Wasukuma. Leo utaona nyumba iliyojengwa kwa umbo la kiti cha mtemi, ngoma za kitemi, makazi ya mganga, sehemu ya wafua vyuma. Mwombeni mwongozaji, msitembee peke yenu, na lipeni kiingilio bila kunung'unika, maana mapaa yale yanahitaji matengenezo na vijana wale wanahitaji kula.

Na kama mnaweza kuchagua tarehe, njooni wakati wa Bulabo, sikukuu inayofanyika Juni kufuatana na Sherehe ya Ekaristi. Hapo Bagika na Bagalu wanakutana kweli. Nimeona mabinti wa chuo kutoka Dar es Salaam, simu mikononi, wakianza upande mmoja wa uwanja na kumaliza upande wa pili bila kujua kwamba wamepiga kura.

Kutoka Kisesa kuingia mjini mtapita Igoma. Simameni. Kuna makaburi ya watu waliozama na MV Bukoba tarehe 21 Mei 1996, mamia ya watu, meli ikiwa imebakiza safari fupi kufika bandarini Mwanza. Hii si sehemu ya picha. Lakini mtu anayesema ameliona Ziwa Victoria bila kujua lilichotuchukulia, wale waliolala Igoma na tena wa Ukara mwaka 2018 ilipopinduka MV Nyerere, ameona maji tu.

Mjini sina mengi ya kuwaelekeza, kwa sababu kila mtu anaelekeza. Jiwe la Bismarck ni zuri, sikatai, hasa jua linapozama. Ila Bismarck hakukanyaga Afrika hata siku moja, na kilima cha Isamilo kinatajwa zaidi kwa sababu Mwingereza John Hanning Speke alisimama huko Agosti 1858 akilitazama ziwa ambalo babu zetu walikuwa wakivua kila usiku. Mimi mgeni wangu namwambia apande boti kwenda Saanane, kisiwa kilichoanza kama bustani ya wanyama mwaka 1964 na kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2013, hifadhi ya kilomita za mraba 2.18 pamoja na maji yake. Kimebeba jina la Saanane Chawandi, mvuvi na mkulima aliyeishi pale kabla hakijachukuliwa. Jina la mwenyeji limebaki, nami nawapenda watu wa hifadhi kwa hilo.

Mwenye siku ya ziada apande meli kwenda Nansio. Ukerewe ni nyumbani kwa Aniceti Kitereza, aliyemaliza kuandika kwa Kikerewe habari za Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka mwaka 1945, akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na baada ya kusubiri miaka zaidi ya thelathini Tanzania Publishing House wakaitoa mwaka 1980, mwaka mmoja kabla hajafariki. Kitabu hicho kisomeni kwanza, kisha nendeni mkaone mashamba na mialo aliyoiandika.

Sasa niseme kwa nini nadhani wageni hawajui haya. Bukumbi iko Wilaya ya Misungwi. Bujora iko Magu. Igoma na Saanane ziko Nyamagana, na Ukerewe ni wilaya yake. Kila halmashauri inatangaza cha kwake, na hakuna mwenye jukumu la safari nzima, wakati mgeni hasafiri kwa mipaka ya halmashauri. Anasafiri kwa barabara, na barabara zote hizi zinakutana hapa Usagara. Kazi ya kuziunganisha ni ya Mkoa, na haihitaji bilioni hata moja. Inahitaji vijana wachache waliofundishwa historia ya maeneo haya, bodaboda na bajaji zenye nauli zinazojulikana kutoka njia panda hadi Bukumbi na Kisesa, na agizo kwa shule kwamba basi la wanafunzi linalokuja kuona daraja lifike na Bujora siku hiyohiyo.

Na bango. Liandikwe Bukumbi, Bujora, Igoma, Saanane, Ukerewe, kila jina na kilomita zake na mstari mmoja wa maelezo, kwa Kiswahili kwanza. Lisimamishwe upande yanakosimama mabasi ya Shinyanga, kimo ambacho abiria atalisoma akiwa bado kwenye kiti chake.