Tusisikilize kwa Sikio Moja

Wako watu wa namna mbili ambao, wasikiapo nyimbo za zamani za Kimarekani zikitoka katika santuri, hukosea wote wawili. Wa kwanza ni yule anayelewa utamu wa sauti na vinanda hata asiulize wimbo huo ulitungwa na nani, uliimbwa kwanza na nani, na ni nani aliyenyimwa nafasi ya kuuimba. Wa pili ni yule anayekunja uso na kusema kuwa hizo ni kelele za mabepari, hazina la kumfundisha Mwafrika. Wa kwanza ana masikio lakini hana maswali. Wa pili ana maswali lakini ameziba masikio. Iko njia ya tatu, yenye manufaa kuliko hizo mbili, na kwa hakika yenye burudani kubwa zaidi.

Kwanza yafaa tueleze tunazungumza juu ya nini. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, majumba ya michezo ya Broadway, mjini New York, yalikuwa kama kiwanda kikubwa cha nyimbo. Michezo iliyoonyeshwa humo ilichanganya maongezi, kuimba na kucheza, na nyimbo zilizopendwa zilitoka jukwaani zikaenda kwenye kumbi za dansi, kwenye redio na kwenye sahani za santuri. Watunzi wake wengi walikuwa wahamiaji au watoto wa wahamiaji. Irving Berlin alizaliwa katika Dola ya Urusi mwaka 1888, akafika Marekani mwaka 1893 akiwa mtoto. George Gershwin na kaka yake Ira walizaliwa na wazazi wa Kiyahudi waliotoka katika dola hiyo hiyo. Na mapigo waliyoyatumia watunzi hao yalitokana kwa sehemu kubwa na muziki wa Wamarekani weusi, wana na wajukuu wa watumwa. Kwa hiyo wimbo wa Broadway, tangu kuzaliwa kwake, ulikuwa kazi ya mikono ya wengi. Lakini si mikono yote iliyoandikwa majina, wala si sauti zote zilizohifadhiwa. Hapo ndipo santuri inapokuwa shahidi, na shahidi hutakiwa kuhojiwa.

Tuchukue mfano mmoja ulio wazi. Mwezi Desemba 1927 mchezo uitwao Show Boat ulifunguliwa mjini New York. Muziki wake ulitungwa na Jerome Kern, na maneno yakaandikwa na Oscar Hammerstein II kutokana na riwaya ya Edna Ferber. Ni habari za watu wa meli ya maonyesho katika Mto Mississippi, na humo yumo Joe, kibarua mweusi, ambaye wimbo wake, Ol' Man River, unalinganisha jasho la wanyonge na mto unaojiendea zake bila kujali. Mwezi Januari 1928 okestra ya Paul Whiteman iliurekodi wimbo huo, Bing Crosby akiimba. Mwendo wake ni wa haraka, wa kuchezea dansi; msikilizaji huweza kuruka nao kutoka mwanzo hadi mwisho asijue kwamba kuna mtu analia. Mwezi Machi mwaka huo huo, okestra hiyo hiyo iliurekodi tena, safari hii mwimbaji akiwa Paul Robeson. Mwendo ukapungua, sauti ikashuka chini kama kisima, na mzigo aubebao kibarua ukasikika uzito wake. Wimbo ni ule ule na okestra ni ile ile, nazo rekodi hazikupishana hata miezi miwili. Mwenye kusikia moja tu kati ya hizo mbili hajaujua wimbo huo.

Robeson hakuishia hapo. Mtu huyu, aliyezaliwa mwaka 1898, baba yake akiwa amezaliwa utumwani na kuutoroka, hakukubali kuyaimba maisha yake yote maneno aliyoandikiwa. Katika maneno ya mwanzo ya wimbo ule lilikuwamo tusi la kuwadhalilisha watu weusi. Kadiri miaka ilivyopita aliliondoa, na mahali ambapo kibarua alikiri kuchoka, yeye akaweka azma ya kuendelea kupigana. Atakayezipanga rekodi zake kwa miaka atasikia kwa masikio yake jinsi kilio kilivyogeuka kuwa ahadi. Na kwa sisi tusemao Kiswahili iko sababu ya ziada ya kumkumbuka: mwaka 1934 alijiandikisha katika chuo kimoja mjini London kusoma lugha za Kiafrika, na Kiswahili kilikuwa miongoni mwa lugha alizojifunza.

Kwa msimamo wake wa kisiasa, Serikali ya Marekani ilimnyang'anya pasipoti mwaka 1950, asiipate tena hadi mwaka 1958. Kumbi zilimfungia milango na makampuni makubwa ya santuri yakamkwepa. Lakini mwaka 1957 aliimba kwa simu kutoka New York, sauti ikapita chini ya bahari ya Atlantiki na kuwafikia wasikilizaji wake waliokusanyika London. Na mwezi Oktoba mwaka huo akawaimbia hivyo hivyo wachimba makaa wa Wales. Mtu alizuiwa mpakani, lakini sauti ikavuka. Msomaji anayedhani kwamba sauti iliyorekodiwa ni kitu cha anasa tu na atafakari kwa nini wenye nguvu waliihofia sauti ya mtu mmoja kiasi hicho.

Mfano wa pili unauma zaidi. Tarehe 10 Oktoba 1935, New York ilionyeshwa Porgy and Bess, kazi ya Gershwin juu ya maisha ya Wamarekani weusi wa pwani ya South Carolina. Waliocheza nafasi kuu walikuwa Todd Duncan, mwalimu wa muziki katika Chuo Kikuu cha Howard, na Anne Brown, binti wa Baltimore. Siku chache tu baada ya ufunguzi, kampuni ya Victor ilirekodi sehemu za mchezo huo. Je, iliwaita Duncan na Brown? La. Iliwaita Lawrence Tibbett na Helen Jepson, waimbaji weupe wenye jina kubwa katika opera. Hapana anayesema kuwa hao hawakujua kuimba, walijua sana. Lakini watu weusi waliobeba kazi ile jukwaani kila usiku walisubiri hadi mwaka 1940, ndipo kampuni ya Decca ilipowaita Duncan na Brown kuingiza sauti zao katika sahani. Gershwin alikuwa amekwisha kufa, mwaka 1937.

Katika miaka ile ya kusubiri hawakukaa kimya. Mwaka 1936 mchezo ulipopelekwa Washington, jumba lililokusudiwa lilikuwa halipokei watazamaji weusi. Duncan na wenzake walisema hawataimba mahali ambapo ndugu zao hawaruhusiwi kuketi. Walipewa maafikiano ya nusunusu, wakayakataa. Mwisho jumba likafunguliwa kwa watu wa rangi zote kwa muda wote wa maonyesho yale. Ajuaye habari hiyo akisikia sauti ya Duncan katika santuri ya 1940 atasikia sauti tamu ya kiume, na ndani yake atamsikia mwalimu aliyekataa kuuza heshima ya watu wake.

Hata hivyo, Duncan na Brown walibahatika. Wapo ambao santuri iliwapita kabisa. Mwaka 1921 wasanii weusi wanne, Noble Sissle, Eubie Blake, Flournoy Miller na Aubrey Lyles, walitunga na kuonyesha Shuffle Along, mchezo uliodumu Broadway kwa zaidi ya mwaka mmoja. Wakati huo Marekani haikuwa na desturi ya kurekodi mchezo mzima pamoja na wachezaji wake. Zilibaki sahani moja moja zilizotawanyika, na ilipofika mwaka 1976 ndipo kampuni ya New World ilipozikusanya pamoja. Kwa zaidi ya miaka 50 kazi iliyojaza jumba usiku hadi usiku ilibaki karibu uvumi, huku michezo iliyokuja nyuma yake ikijulikana dunia nzima kwa sababu tu ilirekodiwa. Mali bila daftari hupotea bila habari, walisema wahenga. Na kwa muziki, daftari ni santuri.

Pengine mtu atauliza: desturi ya kurekodi mchezo mzima ilianzaje huko Marekani? Jibu lake halitenganiki na habari za wafanyakazi. Tarehe 1 Agosti 1942 chama cha wanamuziki wa Marekani, kikiongozwa na James Petrillo, kilitangaza mgomo wa kutorekodi. Dai lao lilikuwa rahisi kueleweka: sahani zinazopigwa redioni na katika mabaa zinawanyima wapigaji ajira, basi makampuni yachangie mfuko wa kuwasaidia. Makampuni yakajaribu kuwazunguka kwa kurekodi waimbaji wakisindikizwa na sauti za kwaya bila vyombo. Mwezi Septemba 1943 Decca ikakubali masharti ya chama. Wapinzani wake wawili wakubwa waliendelea kukaidi hadi Novemba 1944. Mwezi mmoja baada ya makubaliano, Decca iliingiza katika studio wachezaji, kwaya na okestra ya Oklahoma!, mchezo wa Richard Rodgers na Hammerstein uliokuwa umefunguliwa mwezi Machi. Zikatoka sahani sita, pande 12, zimefungwa pamoja kama kitabu. Mauzo yalikuwa makubwa mno, na tangu hapo kila mchezo uliotarajia kufaulu ulitamani santuri yake. Santuri hiyo inayowafurahisha watu hadi leo ilirekodiwa baada ya wanamuziki kukunja mikono na kungoja haki yao.

Mwaka 1948 kampuni ya Columbia ilitoa sahani ya mwendo wa taratibu, iliyochukua zaidi ya dakika 20 kila upande badala ya zile tatu au nne za zamani. Hapo msikilizaji aliweza kuufuata mchezo kwa utaratibu wake: okestra ikifungua pazia, wahusika wakijitambulisha mmoja mmoja, mapenzi yakianza kwa mzaha na kuishia kwa machozi. Thamani ya santuri ilipanda hata Columbia ikaishawishi kampuni mama yake, CBS, kugharimia My Fair Lady, mchezo uliofunguliwa tarehe 15 Machi 1956. Siku kumi baadaye, siku ya Jumapili ambayo wachezaji hawakuwa jukwaani, wote walikwenda studio wakaurekodi. Ukisikiliza santuri hiyo kwa makini utatambua kuwa Rex Harrison, aliyecheza nafasi ya profesa, hakuwa mwimbaji. Yeye husema zaidi kuliko kuimba, naye huyasema maneno kwa mapigo sahihi hata usimtamani mwimbaji badala yake. Raha kama hiyo haipatikani kwa mwenye kuokota wimbo mmoja hapa na mwingine pale.

Bila shaka atatokea mpinzani aseme: mtumishi aliyechoka na kazi za ofisi anataka burudani, kwa nini mnamgeuzia santuri kuwa darasa? Hoja hiyo ina uzito, lakini haisimami. Hakuna aliyepata kupunguziwa utamu wa tende kwa kujua mtende ulipandwa na nani. Kinyume chake, anayejua kwamba wimbo aupendao ulipokonywa, ukarudishwa, ukabadilishwa maneno na kuimbwa tena, huusikiliza kwa moyo uliofunguka zaidi. Ujinga haujapata kumwongezea mtu furaha. Humfanya tu aridhike na kidogo.

Hivyo tunawaomba ndugu walimu, hasa wa historia, Kiingereza na muziki, waitumie hazina hii. Kazi yenyewe haina gharama kubwa. Maktaba ya Bunge la Marekani imeweka maelfu ya rekodi za kale katika intaneti, na tangu tarehe 1 Januari 2022 rekodi zote zilizotolewa kabla ya mwaka 1923 zimekuwa mali ya umma nchini humo. Mwalimu na achague wimbo mmoja, atafute rekodi mbili, awapigie wanafunzi zote mbili, kisha aulize maswali manne: Nani anaimba? Ni kipi kilichobadilika katika mwendo na maneno? Nani alifaidika na sahani hii? Na ni sauti ya nani ambayo ilistahili kuwapo lakini haipo? Swali hilo la mwisho ndilo gumu kuliko yote, na ndilo lenye elimu.

Kijana atakayezoea kuyauliza hayo juu ya santuri za New York hatashindwa kuyauliza juu ya muziki mwingine wowote, wa kwao au wa ugenini. Hatadanganywa na utamu, wala hatautupa utamu kwa kuogopa kudanganywa. Mwenyezi Mungu ametupa masikio mawili: moja tulitumie kufurahi, na la pili kupambanua.