Bei ya Kutupa Kwenye Simu
Mkulima wa Njombe akiweka picha ya viazi au parachichi kwenye kundi la WhatsApp, ujumbe wa kwanza mara nyingi ni ule ule: "Mkuu, bei ya mwisho?" Kisha inatajwa bei isiyorudisha hata gharama ya mbolea. Usikasirike, mtu huyo anapima kama una haraka. Mjibu kwa ufupi: "Kaka, nauza kwa kilo, bei ni hiyo, mzani upo." Asiye na nia atanyamaza, nawe utakuwa umeokoa muda. Lakini nguvu ya mkulima iko mtini. Parachichi la Hass haliivi likiwa juu ya mti. Likikomaa linaweza kusubiri wiki kadhaa, ila ukishalichuma siku zake zinahesabika. Basi usichume kabla ya kukubaliana bei na kupokea malipo ya awali, hata dalali akisema lori limeshafika Makambako, pale njia ya Songea inapokutana na barabara kuu ya Dar es Salaam na Mbeya. Kwenye viazi ndipo roho inaniuma zaidi. Mnunuzi anakubali bei yako ya gunia bila ubishi, halafu anakuja na lumbesa, gunia lililojazwa kupita mdomo na kuongezewa kipande juu, na kilo zote za ziada anazibeba bure. Hiyo nayo ni bei ya kutupa, na sheria ya vipimo inaikataza. Kataa kupakia mpaka mzigo upimwe. Aking'ang'ania, lipige picha gunia hilo uwapelekee Wakala wa Vipimo.