Watoto na Waandike Michezo Yao

Katika shule zetu nyingi mchezo wa kuigiza huhesabiwa kuwa ni pambo la siku ya wazazi. Mwalimu huutunga yeye mwenyewe, akawagawia watoto maneno wayahifadhi kama kasuku, na sherehe ikiisha karatasi hutupwa. Kwa desturi hii, naona, tunawanyima watoto sehemu iliyo bora kabisa ya ilimu hiyo, nayo ni kuutunga mchezo wenyewe.

Mwambie mtoto wa darasa la tano aandike insha juu ya soko, naye aghalabu atakuletea sentensi zile zile alizozizoea. Lakini mwambie aandike mama anayebishana bei na mwuza samaki, huku bibi yake akipita njia, na hapo atalazimika kujua kubembeleza apunguziwe, kukataa pasi na kuvunja heshima, na kumwamkia mzee kwa «shikamoo» na kungoja «marahaba» kabla ya neno jingine lolote. Na kama ameandika «kikapu yangu», mwenziwe atakapoyatamka maneno hayo hadharani darasa zima litamrudi kwa «kikapu changu» kabla mwalimu hajainua chaki, na kosa lililosahihishwa na wenzake mtoto halisahau upesi.

Wala haya si mawazo matupu. Pale Alliance High School, mjini Kikuyu, Kenya, katika miaka ya 1950, zama ambazo Kiingereza ndicho kilichotukuzwa na jukwaa la shule lilikuwa la Shakespeare, walitokea wanafunzi, ambao Kiswahili hakikuwa lugha ya mama zao, wakatunga michezo kwa Kiswahili na kuiigiza. Nakupenda Lakini wa Henry Kuria ukapigwa chapa mwaka 1957, na Nimelogwa! Nisiwe na Mpenzi wa Gerishon Ngugi mwaka 1961. Vijana wa skuli, tena katika lugha ya kujifunza, waliacha athari katika fasihi yetu.

Leo tamthilia husomwa kwa ajili ya mtihani, kama Kigogo ya Pauline Kea ilivyosomwa katika shule za upili za Kenya, na mwanafunzi huulizwa maudhui na wahusika, lakini ni nadra aambiwe aandike ukurasa mmoja wa mchezo wake mwenyewe.

Nawasihi walimu, basi, watenge kipindi kimoja tu kwa juma, wawape watoto kalamu, na wao wakae nyuma ya darasa wasikilize.