Maganda Yabaki Kusini

Ndugu zangu wakulima wa Mtwara, Lindi, Ruvuma na Pwani, nanyi wa mijini mnaonunua korosho kwa pakiti,

Julai 2020 Benki ya Dunia iliiweka Tanzania katika kundi la nchi za kipato cha kati, ngazi ya chini. Ni hatua, na kila aliyeitolea jasho anastahili heshima. Lakini naomba tuupime uchumi wetu kwa swali la ghalani pia: korosho zilizorundikwa pale chama cha msingi msimu ukifunguliwa, ngapi zitabanguliwa hapa nchini?

Nyingi hazibanguliwi. Zinapita mnadani, zinapakiwa melini, zinakwenda India na Vietnam na maganda yake. Kilo nne hadi tano za korosho ghafi hutoa kilo moja ya korosho karanga, kwa hiyo sehemu kubwa ya tunachosafirisha ni ganda. Na ganda lenyewe ni mali: lina mafuta yanayotengenezewa rangi, vanishi na breki za magari, na likishakamuliwa ni kuni ya kiwandani. Kazi ya kubangua, kumenya, kupanga madaraja na kufungasha, ambayo ingewaajiri binti zetu Newala na Nachingwea, inapanda meli hiyo hiyo.

Wapo watakaosema tulishajaribu. Ni kweli. Vilijengwa viwanda vikubwa, vingine kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Msimu wa 1973/74 tulivuna tani 145,000 hivi. Kufikia 1986/87 hazikufika hata 20,000. Watu walikuwa wamehamishiwa vijijini, mbali na mikorosho yao, bei haikumlipa mkulima, na ugonjwa wa ubwiriunga ukala maua. Mashine zikakosa mzigo. Baadaye viwanda vikabinafsishwa, na baadhi vikageuzwa maghala ya kutunzia korosho ghafi zinazosubiri kubanguliwa ng'ambo. Hilo linaniuma kuliko yote.

Leo mzigo upo. Msimu wa 2017/18 mavuno yalipita tani 300,000. Vietnam, iliyoingia kwenye biashara hii nyuma yetu, ilijitengenezea mashine zake, na tangu 2006 ndiyo inayoongoza duniani kwa kuuza korosho karanga, zikiwemo zilizoanguka chini ya mikorosho yetu.

Kinachomkwamisha mbanguaji wetu ni mtaji. Analazimika kununua mzigo wa mwaka mzima ndani ya wiki chache za minada, kwa mkopo wa riba kubwa, akishindana na mnunuzi mwenye fedha za bei nafuu kutoka nje. Tusukume hapo, kwa pamoja.

Wanachama wa vyama vya msingi (AMCOS), kabla ya minada kuanza, daini ajenda ya ubanguaji katika mkutano mkuu: sehemu ya mzigo itengwe kwa wabanguaji wa wilaya, kwa bei ya mnada. Lakini mkulima asikopwe. Wengi bado wanakumbuka malipo ya msimu wa 2018/19 yalivyochelewa, na hakuna kiwanda kinachostahili kujengwa kwa njaa ya nyumba za watu. Fedha itoke benki, kwa dhamana ya serikali. Kwa hiyo wabaneni madiwani na wabunge: ushuru unaotozwa korosho ghafi zinazotoka nje ya nchi uliingiza kiasi gani, na kiasi gani kimerudi kwenye ubanguaji?

Akina mama mnaobangua kwa mkono, mafuta ya ganda yanawaunguza vidole. Jiungeni vikundi, ombeni mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri, na ombi liandikwe wazi kuwa ni la mashine na glovu. Vijana mliosoma ufundi VETA, nendeni mkae nao. Mashine ya kukata ganda bila kuvunja korosho ndiyo inayoamua bei, kwa sababu korosho nzima huuzwa ghali kuliko vipande.

Nanyi wa Dar es Salaam, Arusha na Dodoma, mkishika pakiti dukani tazameni imebanguliwa wapi. Kama haijaandikwa, muulizeni mwenye duka, na wiki ijayo mumuulize tena.