Joka Asiyeruka ni Ng'ombe wa Kuchinjwa

Niseme wazi tangu mwanzo, na anayetaka kubisha anakijua kimbweta ninachokaa Jumamosi jioni: majoka wengi tunaopigana nao mezani hawastahili kuitwa majoka. Ni ng'ombe waliopakwa rangi nyekundu. Wanasimama katikati ya pango, wanasubiri zamu yao, wanapumua moto mara moja, halafu wanakatwakatwa mpaka wanakufa. Wachezaji wanagawana dhahabu, mmoja anauliza nani ana chaja, mchezo umeisha.

Kwa wale ambao hawajawahi kukaa kwenye meza hizi, maelezo mafupi. Dungeons & Dragons ni mchezo wa kuigiza wa mezani uliotoka Marekani mwaka 1974, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson. Watu wanne au watano wanashika kila mmoja mhusika wake: mpiganaji, mchawi, mwizi, mponyaji. Mtu mwingine mmoja anakuwa DM, yaani msimulizi na mwamuzi kwa pamoja. Yeye ndiye anayeendesha dunia yote iliyobaki, kuanzia muuza supu mpaka mfalme mpaka joka. Unasema mhusika wako anafanya nini, na pale penye shaka dadu ya pande 20 inaamua. Basi. Jina lenyewe la mchezo limetuahidi majoka, kwa hiyo joka laini linaumiza kuliko pambano lingine lolote bovu. Ni ahadi iliyovunjwa.

Twende kwenye hesabu, maana ugonjwa unaanzia hapo. Chukua joka mwekundu aliyekomaa, kama alivyoandikwa kwenye toleo la tano la mwaka 2014. Ana pointi 256 za uhai. Namba inatisha mpaka uipeleke kwenye meza ya watu watano. Tuseme wahusika wamefika leveli za juu na kila mmoja anamtoa joka wastani wa pointi 25 kwa raundi. Hizo ni 125 kila raundi. Raundi ya tatu joka ni maiti. Na raundi moja kwenye mchezo huu ni sekunde sita. Kitabu kinasema joka aliyekomaa ameishi zaidi ya miaka 100, na anaweza kufika 800. Karne nzima falme zinamwogopa, kisha sekunde 18 tu, kwisha habari yake.

Shida hapo si namba, ni zamu. Yeye ana zamu moja, nyinyi mna tano. Waliouandika mchezo waliliona hilo, ndiyo maana joka aliyekomaa amepewa vitendo vitatu vya ziada kila raundi, anavyovifanya mwishoni mwa zamu za wengine. Pia mara tatu kwa siku, dadu yake ya kujikinga ikishindwa, anaweza kuamua kwamba amefaulu. DM anayesahau vitu hivi viwili halafu analalamika kwamba joka ni mwepesi, ni sawa na mtu aliyetoka kwenye chumba cha mtihani bila kugeuza karatasi. Maswali mengine yalikuwa nyuma, ndugu yangu.

Sasa, dawa wanayoikimbilia wengi ni kuongeza namba. Pointi 256 zinakuwa 500, makucha yanauma mara mbili, hadithi inaendelea. Mimi napinga dawa hii kwa nguvu zote. Pambano la kuchosha la raundi tatu ukilifanya la raundi sita, umepata pambano la kuchosha lililo refu. Watu wanarusha dadu, wanatoa, wanarusha, wanatoa, kama wanajaza fomu za mkopo. Hakuna anayefikiri, kwa sababu hakuna cha kufikiria. Joka amesimama pale pale.

Niliona kundi moja la hosteli ya jirani likifa kwa sababu hii. Walicheza muhula mzima kumfuata joka mmoja aliyechoma kijiji cha mhusika wao mkuu. Siku ya kumfikia alikuwa amerundikiwa pointi kama gunia la mkaa, na wala hakuruka hata mara moja. Walimuua baada ya saa mbili za kuhesabu. Jumamosi iliyofuata walikuja wawili. Hakuna aliyegombana na mtu, watu walikosa tu sababu ya kurudi. Meza hizi zinawashikilia watu kwa kitu kimoja, imani kwamba ninachoamua hapa kina maana. Ukiona kwamba uamuzi wako na uzembe wako vinaleta jibu lile lile, unabaki hosteli unalala.

Basi joka mgumu ni yupi? Jibu langu: ni yule anayeishi kama kiumbe mzee, mwenye mabawa, mwenye akili na mwenye kitu anachokitaka. Anza na mabawa, maana yako kwenye karatasi na hayagharimu chochote. Joka mwekundu aliyekomaa anaruka futi 80 kwa zamu. Binadamu anatembea 30. Moto wake unafika futi 60. Maana yake anaweza kutokea umbali wa futi 100, akasogea 40, akapumua, akarudi 40 alikotoka, na mpiganaji wako mwenye panga la kurithi hajamgusa hata ukucha. Moto huo unatoa wastani wa pointi 63 kwa asiyefanikiwa kuukwepa, na mchawi wa leveli ya 11 kwa kawaida ana kama 60 au 70 tu. Baada ya hapo joka lazima arushe dadu ya pande sita mwanzoni mwa kila zamu yake, na akipata tano au sita moto umerudi. Joka mwenye akili hasubiri moto wake akiwa amesimama mbele ya mapanga. Anasubiri nyuma ya mlima.

Sasa hapo mchezo unabadilika bila kuongeza pointi hata moja. Wachezaji wanaanza kuuliza maswali: hapa kuna mwamba wa kujificha? Tukitawanyika moto utawapata wangapi? Nani ana upinde? Tunaocheza na vizibo vya soda kama kete za drafti tuna njia rahisi: joka akiwa angani, mweke juu ya kikombe kilichopinduliwa. Kila mtu anaona alipo, na kila mtu anaona kwamba panga halifiki.

Najua pingamizi linalokuja. Joka anayekaa angani tu anakera, na mpiganaji anageuka mtazamaji. Kweli kabisa. Kwa hiyo lazima awe na sababu ya kushuka, na sababu hiyo wachezaji waweze kuijua na kuitumia. Kila aina ya joka ina tabia yake. Mwekundu ana kiburi na uroho, anaijua hazina yake mpaka sarafu ya mwisho. Mgusie sarafu zake uone kama atabaki mawinguni. Mweusi anakaa kwenye vinamasi na anavizia akiwa chini ya maji. Wa bluu anachimba chini ya mchanga wa jangwa. Wa kijani ni mwongo, anapenda kukuchezea akili kabla hajakupulizia sumu. Ukiwapiganisha wote kwa mtindo mmoja, umebadilisha rangi tu.

Na joka mzee hakai peke yake. Koboldi, vijitu vidogo dhaifu kuliko karibu viumbe vyote vya mchezo huu, wanawaabudu majoka na kuwatumikia. Mwaka 1987 Roger E. Moore, mhariri wa jarida la Dragon, aliandika kuhusu meza ambayo wahusika wenye nguvu walikuwa wanakimbizwa na koboldi. Hawakuongezewa pointi. Walitumia njia nyembamba, moto, mitego, na kupiga kisha kutoweka. Makala ile bado inakumbukwa na wachezaji wa nchi nyingi. Kama koboldi wanaweza kufanya hivyo, joka mwenye miaka 400 anashindwa nini?

Halafu kuna pango lenyewe. Ndani ya pango lake joka mwekundu ana msaada wa ardhi: kila raundi lava inaweza kulipuka, ardhi ikatikisika, au gesi ya volkano ikawalevya watu. Nje ya pango pia dalili zipo. Matetemeko madogo yanasikika maili kadhaa, na maji ya karibu yana joto na harufu ya kiberiti. Hizi ni zawadi kwa DM, na wengi hawazifungui.

Kwa kweli sisi wa Afrika Mashariki hatuhitaji kufundishwa jambo hili na Wamarekani. Katika hadithi ya Sultani Majinuni, aliyoichapisha Edward Steere mwaka 1870 kwenye mkusanyiko wake wa hadithi za Kiswahili za Zanzibar, Nunda mla watu anaanza akiwa paka wa sultani. Anakula kuku, anaachwa. Anakula mifugo, anaachwa. Watu wanashtaki, sultani anamtetea paka wake. Siku anapowala watoto wa sultani mwenyewe, huyo si paka tena. Na mdogo wao anapokwenda kumsaka, anaua mnyama mmoja baada ya mwingine akidhani ndiye, na kila mara anaambiwa bado. Mpaka Nunda anaonekana, msikilizaji ameshamwogopa siku nyingi. Ndivyo joka anavyotakiwa kutengenezwa. Kwanza mbuzi wanapungua. Halafu msafara haufiki. Halafu kisima kinanuka.

Dalili hizo zina kazi nyingine muhimu kuliko kutisha: ni habari, na habari ndiyo silaha ya mchezaji. Kwenye The Hobbit ya J. R. R. Tolkien, ya mwaka 1937, hakuna shujaa anayesimama mbele ya Smaug kupimana nguvu ndani ya pango. Bilbo anaongea naye, anaona sehemu tupu kifuani, habari inamfikia mpiga mishale, na mshale mmoja unamaliza kazi. Wachezaji wako wape nafasi ya kuuliza wazee, kukagua mizoga, kumhonga koboldi mwenye njaa. Wakimshinda joka kwa sababu walimjua, ushindi huo wataupigia hadithi mpaka mahafali.

Tena mwache akimbie. Kiumbe aliyeishi miaka 300 hakufika huko kwa kupigana mpaka tone la mwisho. Pointi zikifika nusu, anaruka anaondoka. Kesho anajua mchawi ni yupi, mponyaji ni yupi, na farasi wenu mmewafunga wapi. Joka aliyekimbia ana thamani kuliko kumi waliokufa.

Hapa sasa nifike kwenye jambo linaloniuma zaidi, tofauti ya ugumu na uonevu. Sisi wanafunzi tunaijua vizuri. Kuna mtihani unaotoka umechoka, jasho linakutoka, lakini moyoni unasema huyu mwalimu katupima kweli. Na kuna mtihani ambao swali la alama 20 limetoka kwenye mada ambayo haikufundishwa. Yote miwili inafelisha watu, ila mmoja tu ndio unaokufundisha kitu. DM ana mamlaka makubwa kuliko mwalimu yeyote: anaweza kusema mlima umeanguka, mmekufa wote. Kwa hiyo kadiri unavyomfanya joka awe mkali, ndivyo unavyotakiwa kujibana wewe mwenyewe. Dalili zionekane kabla ya hatari. Pawe na njia ya kutorokea kwa atakayeitafuta. Na siku ya joka, dadu zirushwe mezani, mbele ya macho ya watu, si nyuma ya daftari. Joka akipata 20, wote wameona. Akikosa, usimwongezee kwa siri. Ukianza kuiba kwa ajili ya joka, kesho utaiba kwa ajili ya wachezaji ili wasife, na kuanzia hapo dadu ni mapambo.

Wapo watakaosema, sisi tumetoka kwenye UE, tunataka kupumzika, mambo ya kufa kwa mhusika niliyemlea miezi sita siyataki. Nawaelewa, na hilo liulizwe wazi kabla ya mchezo kuanza: hapa watu wanakufa au hawafi? Meza ikikubaliana kwamba hawafi, joka bado anaweza kuwachukulia kitu. Achome mji mliokaa, amteke rafiki yenu, aondoke na panga la babu. Kupumzika hakumaanishi kushinda bila kutoka jasho. Hata kwenye bonanza la vitivo hakuna anayefurahia kombe la mezani.

Wala isiwe kisingizio kwamba vitabu ni ghali kuliko bumu. Kanuni za msingi, pamoja na karatasi za majoka hawa, zilitolewa bure chini ya leseni ya Creative Commons mwaka 2023. Simu moja inatosha meza nzima.

Kwa hiyo wewe utakayeshika kiti cha DM wiki hii, kabla hujafuta 256 ukaandika 500, jibu maswali matatu kwenye daftari lako. Joka wako anataka nini? Anajua nini kuhusu watu hawa watano? Na akiona anashindwa, atatorokea wapi? Ukikosa majibu, mpeleke machinjioni tu, usitupotezee Jumamosi.